Picha kwenye sponji ibaki kazi ya mtoto
Na Mwende Kioko

Muhula ukishika kasi, saiba za mjini Machakos hupata mteja wa aina moja: mzazi aliyetoka kazini, simu mkononi, ujumbe wa mwalimu kwenye WhatsApp. Anataka picha ya twiga au ramani ya Kenya. Ikishachapwa hukatwa, hubandikwa kwenye shiti ya sponji ya rangi, na asubuhi mtoto huibeba shuleni. Alama anapewa mtoto, ilhali kazi ni ya mama na kijana wa saiba.

Malalamiko haya yalishafika mbali. Mtaala wa umilisi, CBC, ulianza kutekelezwa nchi nzima Januari 2019, na Septemba 2021 wakili Esther Ang'awa akaupinga katika Mahakama Kuu, mzigo wa wazazi ukiwa miongoni mwa hoja zake. Lakini sponji haina kosa. Kilichopotea ni ile hatua yenye somo, yaani kuihamisha picha kutoka kwenye karatasi badala ya kuibandika tu.

Picha huchapwa kwa printa ya leza, ikiwa imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo. Mtoto hupaka sponji gundi nyeupe, safu nyembamba, hulaza picha kifudifudi na kuikandamiza mpaka hewa itoke. Huachwa ikauke usiku kucha. Kesho yake mtoto hulowesha mgongo wa karatasi kwa maji kidogo na kuusugua kwa ncha ya kidole. Karatasi hutoka vijinyuzi vijinyuzi, na twiga huanza kujitokeza, madoa kwanza, kisha shingo. Mwenye pupa humng'oa sikio.

Hapo pana sayansi tele. Tona ya leza ni unga wa plastiki ulioyeyushwa kwa joto, kwa hiyo maji hayauondoi. Wino wa printa nyingine nyingi hutiririka. Sponji yenyewe, inayotengenezwa kwa plastiki iitwayo EVA, ina vitundu vilivyozibwa visivyonywa maji, ndiyo maana hustahimili kusuguliwa pale ambapo kadibodi ingelowa na kuchanika. Pasi ya moto haifai kabisa: EVA hulainika kabla ya nyuzi 100, na shiti hujikunja.

Pana jiografia pia. Ramani isipogeuzwa kabla ya kuchapwa, Mombasa huhamia magharibi na Kisumu mashariki. Mtoto aliyeliona kosa hilo kwenye sponji yake mwenyewe hahitaji kukaririshwa pande za dunia.

Ufundi huu una heshima yake. Mwaka 1756 mjini Liverpool, Uingereza, John Sadler na Guy Green walihamisha picha kutoka karatasi hadi kwenye vigae, na wakaapa kwamba walikuwa wamechapa vigae zaidi ya 1,200 kwa saa 6. Na Machakos haihitaji kufundishwa na Liverpool thamani ya mkono. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge alirudi Wamunyu na uchongaji aliojifunza Tanganyika, na ufundi huo ukaenea kijijini kwa watu kushika patasi wenyewe.

Walimu watasema muda hautoshi, na wana haki, kwani kipindi cha shule ya msingi hakizidi dakika 35. Lakini gundi lazima ikauke, kwa hiyo kazi hii hujigawa yenyewe katika vipindi viwili: kubandika leo, kusugua kesho. Ruzuku ya serikali ya shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka ni haba, hivyo shiti moja ikatwe vipande vinne, picha nne zichapwe kwenye ukurasa mmoja, na chupa ya gundi izunguke mezani. Ndala zilizokatika, zikioshwa na kukwanguliwa, nazo zafaa.

Walimu wakuu wa kaunti hii waanze muhula ujao: karatasi ichapwe shuleni, sponji isitumwe nyumbani, na mwalimu atoe alama kwa kile alichomwona mtoto akikifanya.