Lipia kipimo, usilipie risasi



Najua utaniuliza: bwana shamba ameingiaje kwenye mambo ya magurudumu? Jibu ni fupi. Mchele wako hauendi sokoni kwa miguu. Faida uliyoitafuta shambani miezi minne inaweza kuishia kwenye matairi mawili ya mbele, na wengi wetu tunaipoteza hivyo bila kujua.

Mfanyabiashara mmoja wa Kahama anayenunua mchele vijijini na kuupeleka Geita aliniletea gari lake nilione. Matairi ya mbele aliyoyanunua mwanzo wa mavuno yalikuwa yamelika mabonde mabonde. Gari likifika kilomita 80 kwa saa, usukani unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi. Alishaenda kwa fundi mara mbili, na mara zote mbili aligongewa risasi mpya kando ya zile za zamani, akalipa, akaondoka. Tulipovua gurudumu tulikuta bonge la udongo wa mbuga limekauka upande wa ndani wa rimu, gumu kama tofali. Tukalibandua, tukaosha. Kumbe sasa zile risasi zilizowekwa ili kuusawazisha udongo ndizo zilikuwa kasoro! Ilibidi zote zing'olewe na kipimo kianze upya. Mashine ilidai gramu 25 tu.

Ndiyo maana nasema: lipia kipimo, usilipie risasi. Fundi anayekuuzia vipande vya risasi bila kupima hajakufanyia kazi. Amekuongezea mzigo.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Gurudumu likiwa zito upande mmoja, likizunguka upande huo unavuta kwenda nje. Gramu 50 zilizozidi kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15 ni kitu kidogo mkononi. Lakini ukienda kilomita 100 kwa saa, gurudumu linazunguka zaidi ya mara 13 kwa sekunde moja, na gramu hizo zinavuta kwa nguvu ya kama kilo 7. Ukienda 40, nguvu hiyo ni kilo moja na kidogo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Hapo utaona kwa nini gari linatulia kwenye barabara ya vumbi ya kijijini halafu linaanza kutetemeka ukishika lami ya Isaka au ya Mwanza. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la Geita halisubiri tena kivuko kwenda Mwanza. Safari zetu za lami zimekuwa za mfululizo, na kasoro ndogo inapata muda mrefu wa kula tairi, beringi na viungo vya usukani.

Wapo wanaosema kubalansi magurudumu ni anasa ya watu wa mjini. Nakubaliana nao nusu. Kama gari lako ni kirikuu cha kubeba mbolea na mahindi kati ya shamba na mashine ya kukoboa, na halizidi kilomita 40, pesa yako ipeleke kwenye shokapu na upepo sahihi wa matairi. Lakini kama unabeba mzigo au watu kwenye lami, hiyo si anasa tena. Usukani unaotetemeka unamchosha dereva, na tairi lililolika mabonde halishiki vizuri barabara ya mvua.

Sasa njia za kupima. Huku kwetu utakutana na tatu.

Ya kwanza ni ya nyumbani. Weka mawe kwenye magurudumu mengine, inua kwa jeki gurudumu lisilovutwa na injini, lizungushe taratibu, liache lisimame lenyewe. Rudia mara tatu au nne. Kama sehemu ileile inakuja chini kila mara, hapo ndipo pazito. Njia hii ni ya kugundua tatizo tu. Breki ikigusa kidogo au beringi ikiwa nzito, itakudanganya.

Ya pili ni mizani ya povu. Gurudumu linalazwa juu yake, na povu linaonyesha upande mzito. Ni rahisi, haihitaji umeme, na kwa gurudumu jembamba la gari la mwendo mdogo inatosha. Kasoro yake ni kwamba inapima gurudumu likiwa limetulia. Haiwezi kujua kama uzito umezidi upande wa ndani au wa nje. Gurudumu linaweza kukaa sawa kabisa juu ya povu, kisha likicheza kulia na kushoto barabarani.

Ya tatu ni mashine inayozungusha gurudumu. Hii inasoma pande zote mbili, ndani na nje, na kusema gramu ngapi ziwekwe wapi. Kwa gari la lami, msimamo wangu ni mmoja: tumia hii, hata kama itabidi usubiri siku ya kwenda Kahama, Shinyanga au Geita mjini. Kama pesa haitoshi magurudumu manne, anza na mawili ya mbele.

Ukifika kwa fundi, usikae kwenye benchi unachezea simu. Simama karibu. Hakikisha rimu imesafishwa ndani na nje, na risasi zote za zamani zimetolewa kabla ya kupima. Baada ya kuweka mpya, mwombe alizungushe tena mbele yako mpaka mashine isome sifuri pande zote mbili. Mzunguko huo wa pili ndio ulioulipia.

Mashine ikidai uzito mkubwa, mimi kwa gari dogo huanza kushtuka ikizidi gramu 60 upande mmoja, usikubali haraka. Mwambie fundi aligeuze tairi nusu mzunguko juu ya rimu, apime tena. Tairi jipya lenye alama ya nukta ya njano, nukta hiyo ikae karibu na valvu, kwa sababu ndiyo sehemu nyepesi ya tairi. Bado inadai nyingi? Basi rimu imepinda au tairi lenyewe limechoka. Kwa tairi la mtumba, soma tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2316 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lililozeeka halitibiwi kwa risasi.

Aina ya risasi nayo ina wenyewe. Rimu ya chuma yenye ukingo inapokea ile ya kugonga yenye kibanio. Spoti rimu inafaa ya gundi, inayobandikwa ndani, vipande vya gramu 5 au 10. Kibanio cha rimu ya chuma kikigongwa kwenye spoti rimu kinachubua na kisha kinachomoka. Ya gundi nayo inataka sehemu kavu, iliyosuguliwa vizuri. Ukiibandika juu ya vumbi, shimo la kwanza itabaki njiani. Na ukiziba pancha kwa kiraka kikubwa cha ndani, pima tena, maana kiraka nacho kina uzito. Kumwaga mchanga ndani ya tairi ili "ujisawazishe wenyewe" ni kuliharibu tairi.

Jambo moja zito zaidi. Tunaziita zote risasi, lakini si zote ni madini ya risasi. Nyingine ni za chuma, nyingine za zinki. Chuma kinashikwa na sumaku. Risasi yenyewe haishikwi, ni laini, na ukiikwaruza kwa kisu inang'aa. Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Ulaya ilizipiga marufuku kwenye magurudumu ya magari madogo tangu 2005. Sisi wa ukanda wa dhahabu tumeshasikia mengi kuhusu zebaki, lakini tukumbuke pia Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, ambako vumbi la risasi kutoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani liliua watoto zaidi ya 400. Kwa hiyo ukiwa na hiari, chagua chuma au zinki. Zile zilizodondoka usimpe mtoto achezee, na usiziyeyushe kwenye sufuria ya nyumbani kutengeneza vizito vya nyavu au ndoano. Mvuke wake na vumbi lake vinabaki hapohapo jikoni.

Mwisho, kabla ya kutoa hata shilingi, msikilize mgonjwa vizuri. Usukani unatetemeka kati ya 70 na 110? Shuku balansi ya mbele. Mtetemo uko kwenye kiti? Shuku magurudumu ya nyuma. Gari linavuta upande mmoja? Hiyo ni alaimenti au upepo, risasi haitasaidia. Linatetemeka ukikanyaga breki tu? Angalia diski za breki. Linacheza hata kwa mwendo wa baiskeli? Simama hapohapo, kaza nati, angalia beringi na uvimbe kwenye tairi, kwa sababu hilo linaweza kung'oa gurudumu.

Na kila ukitoka mbugani wakati wa masika, anza na ndoo ya maji na kijiti. Toa udongo ndani ya rimu zote nne. Mara nyingi dawa ni hiyo tu, na ni ya bure.

Mwenye swali anikute ofisini au siku ya mnada.