Swali Lililozimwa Darasani

"Mmeelewa?" "Ndiyo, Mwalimu!" Sijapata kuitembelea shule nisiyasikie maneno haya. Mwalimu huyatamka huku akifuta ubao, na darasa zima huitikia kwa sauti moja, wakiwamo wasioelewa hata chembe. Hilo si swali. Ni tangazo kwamba somo limekwisha.

Nayasema haya nikiwa mkosaji. Miaka mingi iliyopita, nikifunza ngeli katika shule moja ya upili, mwanafunzi alisimama akauliza: "Mwalimu, mbona kiboko wa mtoni anauma, ilhali kiboko chako kinauma? Jina si lile lile?" Darasa likaangua kicheko. Nami, ambaye kiboko chenyewe kilikuwa mezani pangu, nikadhani nadhihakiwa. Nilimwamuru aketi. Aliketi, na hadi alipomaliza kidato cha nne hakuniuliza neno lingine.

Swali lake lilikuwa bora kuliko somo langu. Mnyama, kwa kuwa ana uhai, hufuata ngeli ya A-WA hata jina lake likianza kwa ki-. Na fimbo ile iliitwa kiboko kwa sababu hapo kale ilitengenezwa kwa ngozi ya mnyama huyo. Nusu ya kwanza ya jibu niliijua. Ya pili sikuijua, na nikaona afadhali anyamaze yeye kuliko nikiri mimi.

Wako wasemao kwamba vijana wa leo hawana udadisi. Sikubaliani nao. Mtoto wa miaka 4 humchosha mamaye kwa "kwa nini" kutwa nzima. Huyo huyo akifika gredi ya sita huwa bubu, kwani ameshajua gharama ya swali: kicheko cha wenzake, jicho kali la mwalimu, na Kiingereza kinachomponyoka anapotaka kuuliza jambo la sayansi ambalo kwa lugha ya nyumbani angeliuliza bila taabu.

Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Mtihani wa KCPE, uliowazoeza watoto kuchagua jibu moja kati ya manne, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Haya ni mema. Lakini mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake na dakika 35 za somo hana budi kukimbia, na mtoto huliona hilo, akalimeza swali lake.

Hasara yenyewe haiishii shuleni. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki ambayo haina kazi mpaka mtu aulize. Nao wazazi, mara ngapi wamesomewa hesabu za shule haraka haraka, mwenyekiti akauliza, "Tumeelewana?" na ukumbi mzima ukaitikia!

Nawasihi walimu wenzangu watenge dakika tano kabla ya kengele, wanafunzi waandike maswali yao kwenye vikaratasi bila majina, na wasiogope kutamka neno "sijui". Nanyi wanafunzi, acheni kumcheka anayeuliza. Aghalabu anawaulizia nyote. Nilipojaribu jambo hili mara ya kwanza, nilipata vikaratasi vitatu tu. Viwili vilikuwa vya mzaha. Cha tatu kilinipeleka maktaba.