Onyo na Gharama Yake

Aghalabu husikika watu wakinung'unika: yafaa nini serikali kutumia mali ya umma katika matangazo, ilhali hospitali zina uhaba wa vitanda? Natutazame Uingereza. Katika miaka ya 1970 serikali ya huko iligharimia matangazo ya kuwasihi wapandao motokaa wafunge mikanda. Miaka ikapita, na waliotii wakawa chini ya nusu. Mwenye pupa angesema fedha zimepotea bure. Lakini sheria ilipowalazimisha waketio mbele, tarehe 31 Januari 1983, waliofunga walizidi asilimia 90 kwa muda mfupi. Kwa maoni yetu, onyo lilikwisha kulainisha nyoyo, sheria ikakamilisha.

Aliyesalimika hajui kuwa tangazo ndilo lililomwokoa, wala haendi kushukuru. Basi tuvihesabu pia vitanda ambavyo havikulaliwa. Hata hivyo, mali ya umma ni amana: fedha ya kuonya isitumiwe kuwasifu wakubwa. Nasi wazazi, tukilisoma onyo ukutani kisha tukavuka barabara ovyo pamoja na watoto wetu, gharama ile twaitupa sisi wenyewe.