Saa ya mchana, makumbusho yashuke Jabe

Kama umewahi kupita Jabe kati ya saa sita na saa nane mchana, unajua hali inavyokuwa. Ofisi za mjini zimefungwa, maduka mengi yameshusha milango, na hata sokoni wanunuzi hupungua. Mwenye fedha anakula brosheti. Asiye nazo anakunywa chai na kuketi juu ya mzigo wake, akingojea jua lipoe. Saa mbili nzima, siku tano kwa wiki, watu wazima wenye akili timamu wanakaa bila la kufanya. Mimi ni mwalimu, na kwa mwalimu jambo hilo halivumiliki.

Hivi karibuni nilikuwa nimeketi saa hiyo na mama mmoja anayepeleka vikapu Kigoma kupitia Mugina na Manyovu. Ni mrejeaji kama mimi. Alinisimulia kwamba mteja wake mmoja, mtu wa Dar es Salaam, alimwuliza kwa nini kikapu kile kina kifuniko kirefu chenye ncha, na kwamba zamani kilitumika kwa kazi gani.

"Mwalimu, nilimwambia ni cha mapambo," alisema, "naye akanilipa bei ya mapambo."

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali, maana mimi mwenyewe nilijua kidogo tu kumzidi. Nilijua kwamba kikapu cha namna hiyo ni cha kupelekea zawadi, na kwamba hubebwa kichwani siku za harusi. Hapo elimu yangu ikaishia.

Nimezaliwa Ulyankulu, mkoa wa Tabora, kwa wazazi waliokimbia mwaka 1972. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Kirundi kilikuwa cha nyumbani, cha kuombea chumvi na kugombezwa. Tuliporudi mwaka 2009 nilidhani lugha itakayonisumbua ni Kifaransa. Kumbe kilichonisumbua zaidi ni vitu. Siku moja darasani nilieleza neno "ingoma" kama nilivyolijua Tanzania: ngoma ya kupigwa, ya harusi na ya sherehe. Mtoto wa darasa la sita akanyosha kidole na kusema babu yake amemwambia ingoma ni ufalme. Alikuwa na haki. Neno ni hilo hilo moja kwa ngoma na kwa utawala wa mfalme, na hadi ufalme ulipoondolewa Novemba 1966 vitu hivyo viwili havikutenganishwa. Nilikuwa mtu mzima, nina cheti, na ninafundishwa nchi yangu na mtoto wa darasa la sita.

Baada ya aibu hiyo nilianza kuulizauliza wazee. Mti unaochongwa ngoma huitwa umuvugangoma, yaani mti unaoipa ngoma sauti. Vigingi vinavyokaza ngozi huitwa amabere, maziwa ya mama. Sehemu ya kati ni inda, tumbo. Mguu wake mwembamba wa chini ni umukondo, kitovu. Wapigaji wanaposimama nusu duara, ngoma ya katikati inayoongoza ni inkiranya. Nyingine, amashakwe, hushikilia mdundo bila kubadilika, na zilizobaki humfuata kiongozi. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma hiyo ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Haya yote mzee mmoja alinieleza kwa muda usiozidi wa kunywa chai.

Sasa nafika kwenye hoja yangu. Bujumbura tunayo Musée Vivant, iliyofunguliwa mwaka 1977, yenye mamba, nyoka na nyumba ya asili iliyojengwa kama ya mababu. Gitega kuna Makumbusho ya Taifa ya tangu mwaka 1955. Nani huingia humo? Wanafunzi wanaoletwa na walimu wao, na wageni wenye kamera. Vijana nao wana mahali pao: Kituo cha Vijana Kamenge kinapokea wenye miaka 16 hadi 30. Mwenye miaka 31 aende wapi? Sijui kama aliyeweka mpaka huo aliwafikiria waliomaliza ujana wao Mishamo, Katumba na Ulyankulu.

Ninachoomba ni kidogo. Mara mbili kwa wiki, saa sita na nusu mchana, mtaalamu mmoja wa makumbusho akae mbele ya watu wazima na kitu kimoja. Kimoja tu. Leo inanga, wiki ijayo igicuma, baadaye kikapu cha yule mama. Aeleze kilitengenezwa kwa mti gani au nyasi gani, kwa mkono wa nani, kwa siku gani. Nusu saa inatosha, kwa Kirundi na Kiswahili, na mwenye swali aulize bila kuchekwa. Mwenye mkono wa kuchora au kusuka, ajaribu.

Kitu kimoja si jambo la kudharau. Wakati wa vita vya pili vya dunia, jumba la picha la taifa mjini London lilihamisha picha zake zote na kuzificha mbali kwa kuogopa mabomu. Kuanzia Oktoba 1939 mpiga piano Myra Hess aliandaa muziki humo kila mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa shilingi moja, na wafanyakazi walijaa wakiwa na mikate yao mkononi. Kisha mwaka 1942 wakaanza kurudisha picha moja tu kila mwezi, na watu wakaja kuitazama hiyo moja, vita vikiendelea. Na kwa majirani zetu, Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu alipoanza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli, akawafundisha ndugu zake. Yeye alifariki mwaka 1972, lakini wafanyabiashara wa mpakani mnajua picha za aina yake bado zinauzwa kwa bei gani.

Najua watakaosema watu wana njaa nami naleta hadithi za vikapu. Nawajibu kwamba yule mama alipoteza fedha kwa kukosa hadithi. Wengine wataogopa kelele. Sisemi watu wapige ngoma: tangu agizo la rais la Oktoba 2017 upigaji una masharti yake, na mwanamke haruhusiwi kuipiga. Nasema ielezwe. Mama wa Jabe hataigusa, lakini ni haki yake kujua kwamba viungo vya ngoma ile vimepewa majina ya mwili wake.

Kikwazo cha kweli ni mwendo. Ukitoka sokoni Jabe kwenda Musée Vivant kwa miguu, kisha urudi, sehemu kubwa ya mapumziko imekwisha njiani, na mwenye bidhaa hawezi kuziacha peke yake muda wote huo. Kwa hiyo makumbusho yaje kwetu. Inanga inabebeka. Kikapu kinabebeka. Hata ngoma moja inaingia kwenye gari dogo.

Mahali pa kukaa pasiwe kisingizio. Darasa langu lina madawati ishirini na dirisha moja lisilo na kioo, na kuanzia saa sita hadi saa nane huwa tupu. Mkuu wa shule nimekwisha kumwomba, hana kipingamizi. Yule mama amesema ataleta kikapu chake mwenyewe, kama makumbusho hawana cha kuleta siku ya kwanza.