Mafunzo ya kuzuia kipigo yaambatane na mikopo

Tangu 1998 sheria ya Tanzania imeweka kifungo cha miaka 30 au zaidi kwa makosa mengi ya ubakaji. Utafiti wa kitaifa wa 2009 bado ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kifungo kirefu humtisha anayeamini atakamatwa. Kesi iliyomalizwa kwenye kikao cha ukoo haimtishi yeyote. Kinga iliyopimwa na kuonyesha dalili njema inatoka nchi jirani na hapa hapa nchini. Kampala, mpango wa kuzuia ukatili uitwao SASA! ulihusisha wanaume na wanawake wa mitaa ileile, na kipigo cha wenzi kikaonekana kidogo kuliko mitaa isiyofikiwa. Mwanza, wanawake wa vikundi vya mikopo walipata vipindi 10 vya mafunzo ya kuzuia ukatili, na waliopigwa na wenzi wao wakawa wachache kuliko wenzao wasiofunzwa, ingawa ukijumlisha ukatili wa kingono tofauti haikuwa wazi. Si muujiza, lakini ni zaidi ya kile ambacho semina za siku moja na fulana zake zimewahi kutuonyesha. Halmashauri za Mbinga na Nyasa tayari zina mlango: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. Mafunzo yaambatane nayo, kisha yaingie kwenye vyama vya ushirika vya kahawa (AMCOS), ambako mara nyingi jina daftarini ni la baba.

Wapo watakaosema fedha za mafunzo hayo ziende kwa aliyekwisha kuumia. Hoja ni nzito, maana dawa ya kuzuia VVU hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na mama wa kijiji cha ufukweni nje ya Lituhi hapaswi kuzimaliza akitafuta fomu ya polisi ya PF3 na nauli. Atibiwe kwanza, karatasi zifuate. Katiba, ibara ya 107A, inazitaka mahakama kutoa fidia ipasavyo kwa waathirika, lakini amri ya fidia dhidi ya mfungwa asiye na shamba wala mtumbwi haimlishi mtu. Ndiyo maana serikali inapaswa kuwa na mfuko wake wa fidia. Hata hivyo, haki ya mwathirika haipingani na kinga: kila kipigo kinachozuiwa hupunguza foleni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Madiwani, bajeti ijayo iwe na kifungu cha mafunzo hayo na cha nauli ya mwathirika.