Mtaa ujulikane masika, nyumba inunuliwe kiangazi

KILA mwaka, kati ya Juni na Septemba, fedha nyingi za mazao hutoka vijijini na kuingia mijini. Mahindi ya Songea na Sumbawanga yanakuwa yamevunwa, mpunga wa Mbarali na Kilombero umekobolewa, na wafanyabiashara wadogo waliokopesha pembejeo wamelipwa madeni yao. Baada ya kutenga ada za shule na mbegu za msimu ujao, mkulima aliyebakiwa na kitu hufikiria kununua kiwanja, pagale au nyumba mjini, ili watoto wanaosoma wapate pa kukaa, au yeye mwenyewe apate kodi ya wapangaji atakapokuwa mzee.

Wazo hilo ni zuri. Tatizo ni majira. Fedha ya mavuno humkuta mnunuzi wakati wa kiangazi, na kiangazi ndicho kipindi ambacho eneo baya huonekana zuri kuliko wakati mwingine wowote. Bonde limekauka na watoto wanalichezea mpira, barabara ya udongo inapitika hata kwa gari dogo, na mto umekuwa kijito cha kuruka kwa hatua moja. Mnunuzi analipa Agosti, anajenga Oktoba, na ifikapo Aprili maji ndiyo yanayomweleza yale ambayo dalali hakumweleza.

Wengi hujitahidi kumchunguza muuzaji na karatasi zake, jambo ambalo ni la lazima. Lakini mtaa wenyewe hawauchunguzi. Wanasahau kwamba nyumba unaweza kuikarabati, ila mtaa huwezi kuuhamisha.

Bei ya chini ina sababu

Mfanyabiashara wa nafaka akiletewa gunia la mahindi kwa bei ya chini kuliko ya soko, hafurahi kwanza. Huchukua bambo, akachoma gunia juu, katikati na chini, akatazama kama kuna unyevu, ukungu au dumuzi. Anajua kwamba bei ndogo ina sababu, na sababu hiyo huwa imefichwa katikati ya gunia.

Mtu huyo huyo akielekezwa kiwanja ambacho bei yake ni nusu ya viwanja vya mtaa wa pili, hutoa kishika uchumba siku hiyo hiyo asije akawahiwa. Hapo ndipo anapouziwa mbuzi ndani ya gunia. Iwapo viwanja viwili vya ukubwa sawa, vilivyo umbali sawa kutoka katikati ya mji, vinatofautiana sana kwa bei, basi wakazi wa eneo hilo wanafahamu jambo ambalo mnunuzi hajalifahamu.

Mfano unaojulikana na wote ni bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam. Desemba 2011, mvua kubwa zilifurika maeneo kama Jangwani na zikaua zaidi ya watu 40 jijini humo. Baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande, mbali na masoko ya Ilala na Kariakoo ambako wengi walikuwa wakipata riziki. Miaka iliyofuata, hata karakana ya mabasi yaendayo haraka iliyojengwa Jangwani ilifurika mara kwa mara. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde hilo, na sehemu ya kazi hiyo ni kuwahamisha waliojenga mahali panapofurika.

Janga hili si la Dar es Salaam peke yake. Kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulivunja kingo zake mjini Kilosa, maelfu ya watu wakakosa makazi na Reli ya Kati ikakatika. Wengi wa walioathirika Kilosa walikuwa wakulima, watu ambao shambani wangetambua kwa macho tu kwamba hapa ni jaruba la mpunga, si mahali pa kujenga.

Nguzo ya umeme si hati

Hatari ya pili haitokani na mvua, nayo haionekani kwa macho hata wakati wa masika. Ni hatari ya sheria na mipango ya serikali. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari.

Hata hivyo, kuzijua namba hizo hakutoshi. Mwaka 2017, nyumba nyingi zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, kupisha upanuzi. Kipande hicho kilihesabiwa kuwa na hifadhi pana zaidi ya ile ya kawaida, kwa mujibu wa sheria za zamani. Zilikuwamo nyumba zenye umeme na maji, ambazo wenyewe walikuwa wakizilipia kodi ya majengo. Aliyepima mita 30 kwa kamba na kuridhika, hakuwa amepata jibu. Jibu hupatikana kwa kuuliza hifadhi ya barabara ile hasa, katika ofisi ya Tanroads ya mkoa, au Tarura kwa barabara za wilaya na mitaa.

Kwa hiyo mnunuzi asishawishike kwa kuambiwa, "Hapa umeme umefika, serikali inatutambua." Shirika la umeme linauza umeme. Halithibitishi kwamba nyumba ipo mahali halali.

Upungufu unaotibika na usiotibika

Wapo watakaosema kwamba mtu wa kipato kidogo hawezi kusubiri mtaa wenye lami na mabomba, maana ukishapata hivyo bei yake haishikiki. Hoja hiyo ina uzito. Wengi waliopata makazi mijini waliyapata kwa kutangulia mahali ambapo huduma zilikuwa hazijafika. Katika mradi wa viwanja 20,000 ulioanza jijini Dar es Salaam mwaka 2002, maeneo kama Kibada, Tuangoma na Buyuni yalipimwa kabla ya maji na barabara nzuri kufika. Kibada ipo Kigamboni, na daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016, safari ya kwenda mjini haikutegemea tena kivuko pekee.

Hapa mkulima atumie busara anayoitumia shambani. Udongo uliochoka unatibika kwa samadi na mbolea. Udongo unaotuamisha maji kila mwaka hautibiki kwa mbolea yoyote. Kadhalika mtaa uliopimwa, wenye njia zilizoachwa wazi, ambao bomba na lami vimechelewa tu, una upungufu unaotibika kwa muda. Mtaa ulio bondeni, au ndani ya hifadhi ya barabara, hautibiki. Kila mwaka unaopita unaongeza matofali yatakayopotea.

Katikati ya hayo mawili kuna eneo lenye mpango ambao haujatekelezwa. Kigamboni hiyo hiyo, baada ya kutangazwa mpango wa mji mpya mwaka 2008, baadhi ya wamiliki walikaa miaka bila uhakika wa kuendeleza maeneo yao. Kwa hiyo swali la kumpelekea ofisa mipango miji wa halmashauri ni hili: eneo hili limepangiwa matumizi gani, na je, kuna mradi wowote unaoligusa?

Hesabu ya miaka miwili

Hata pale upungufu unapotibika, gharama ya kusubiri ni sehemu ya bei. Tuchukue mfano wa viwanja viwili. Cha kwanza kinauzwa shilingi milioni 6, hakina bomba na kipo mbali na kituo cha daladala. Cha pili ni shilingi milioni 9, bomba lipo na kituo ni mwendo wa dakika tano.

Familia inayotumia madumu 8 ya lita 20 kwa siku, ikinunua dumu kwa shilingi 300, italipa shilingi 2,400 kwa siku, yaani shilingi 876,000 kwa mwaka. Kiasi hicho hicho cha maji kwa bomba, ikiwa lita 1,000 zinauzwa shilingi 2,000, kitagharimu takriban shilingi 117,000. Tofauti ni shilingi 759,000. Ongeza bodaboda ya mtu mmoja, shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi kwa siku 300, utapata shilingi 600,000. Jumla ni karibu shilingi milioni 1.36 kwa mwaka.

Maana yake ni kwamba nafuu ya shilingi milioni 3 iliyomvutia mnunuzi itakuwa imemalizika katika miaka miwili na miezi michache, hata kabla hajahesabu lori la mchanga lililokataa kuingia mtaani na tofali zilizobebwa kwa mkokoteni. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke bei za mtaa anaoutaka, lakini hesabu yenyewe asiiache.

Nani aulizwe, na kwa nini

Katika uchumi tunafundishwa kwamba ubora wa taarifa hutegemea faida ya anayeitoa. Dalali hulipwa nyumba ikiuzwa. Jirani mwenye nyumba naye hapendi kuusema vibaya mtaa, kwani thamani ya mali yake itashuka. Mwenyekiti wa mtaa anajua migogoro yote, na ni lazima aulizwe, lakini asiwe shahidi pekee.

Wanaosema ukweli ni wale wasio na mali ya kulinda. Mpangaji atakueleza maji yalifika wapi mwaka jana na wezi hupita saa ngapi. Mwenye bodaboda anajua barabara isiyopitika na mtaa ambao hapokei abiria usiku. Muuza maji anajua siku ambazo bomba hutoa hewa tu. Mama lishe anajua kiwanda au gereji gani inapiga kelele hadi usiku wa manane. Kunywa chai kwake mara mbili tatu, utapata habari ambazo hazimo katika karatasi yoyote.

Macho nayo yafanye kazi. Kwenye kuta tafuta mstari wa tope. Ukiona vizingiti vya milango vimeinuliwa, viroba vya mchanga vimepangwa mlangoni, au nyumba nzuri imetelekezwa, uliza. Matete na mafunjo yanaota penye maji, hata kama leo ni pakavu. Udongo mweusi wa mbuga unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi utapasua pia nyumba isiyokuwa na msingi imara, na gharama ya msingi huo iingizwe katika bei.

Kwa mfanyabiashara anayetaka nyumba yenye fremu ya duka, achunguze zaidi. Akae hapo asubuhi watu wanapokwenda kazini, arudi jioni, kisha arudi katikati ya mwezi wakati mishahara imekwisha. Duka linalouza mwisho wa mwezi tu halitarudisha fedha ya nyumba.

Baada ya hapo ndipo zifuate ofisi: serikali ya mtaa, halmashauri kwa ajili ya ramani ya mipango miji, na ofisi ya ardhi kwa upekuzi rasmi wa hati. Kama ardhi ni ya kijiji, ieleweke kwamba inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999, na halmashauri ya kijiji inahusika.

Fedha ikae wapi

Swali linalobaki ni la mkulima mwenye fedha mkononi mwezi Julai anayeambiwa asubiri hadi masika. Fedha ya mkononi huisha, na hilo ni kweli. Lakini zipo njia. Anaweza kuiweka katika Saccos au akaunti ya muda maalumu benki. Aliye na ghala salama anaweza kubakiza sehemu ya mazao, maana mara nyingi bei ya mahindi hupanda kadiri msimu wa njaa unavyokaribia, ingawa haipandi kila mwaka.

Njia iliyo bora zaidi ni kupanga chumba katika mtaa huo huo kuanzia Machi hadi Mei, akakaa yeye au mwanawe. Kwa mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Mbeya, Ruvuma na Dodoma, miezi ya kuangalia ni Desemba hadi Aprili. Kodi ya miezi mitatu ni sehemu ndogo sana ya bei ya nyumba, nayo ndiyo bambo la kuchomea mtaa. Ukikuta mtaa ni mzuri, umeshapata na majirani. Ukikuta ni mbaya, umepoteza kodi ya chumba badala ya mavuno ya miaka mitano.

Pengine bei itapanda kidogo wakati unasubiri, na pengine kiwanja hicho kitachukuliwa na mwingine. Lakini muuzaji asiyekubali mteja wake aione nyumba wakati mvua inanyesha, ameshakupa jibu kuhusu mtaa huo.