Wazee wanaanguka, tusisingizie uchawi



Nina dukuduku juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo mpaka liwafike nyumbani kwao. Nalo ni kuanguka kwa wazee wetu majumbani.

Sisi tunaoishi Kyela, toka Ipinda mpaka Matema ufukoni mwa Ziwa Nyasa, tunaijua mvua. Mwezi wa Aprili ua mzima huwa tope. Huku bondeni ukichimba kidogo unakuta maji, ndiyo maana choo changu nimekiinua juu ya kifusi, na mtu hupanda ngazi tatu kabla ya kuingia. Kijana huziruka bila kufikiri. Kwa mzee wa miaka 78, tena usiku wa mvua, ngazi hizo ni mlima.

Hapo ndipo alipoangukia baba yangu. Usiku ule mimi nililala mjini kwa shughuli za kokoa, nyumbani wakabaki mke wangu na watoto wadogo. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mkamwana hukaa mbali na baba mkwe wake. Hamsogelei, sembuse kumshika mkono. Siku hizi mila hii imelegea, lakini baba ni mtu wa zamani na bado anaishika. Basi hakumwita mtu. Alitoka peke yake gizani, amevaa kandambili, akateleza kwenye ngazi ya pili. Mfupa wa nyonga ukavunjika. Mtu aliyekuwa akienda shambani kwa miguu yake sasa hubebwa kutolewa nje aote jua.

Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba siku ya tatu watu walianza kunong'ona. Wakamtaja bibi mmoja jirani, mjane, eti ndiye aliyemwangusha. Sote tunajua minong'ono ya namna hiyo imewafikisha wapi vikongwe wengi katika nchi yetu. Nilisimama nikawaambia: aliyemwangusha baba ni mimi. Ngazi zile nilizijenga mwenyewe, nikazilainisha kwa saruji mpaka zikang'aa, wala sikuweka hata mti mmoja wa kushikilia.

Jambo hili haliko Kyela peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wale waliopita miaka 60. Miguu ya mzee hupungua nguvu, macho huingia mtoto wa jicho, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu humtia kizunguzungu akiinuka kwa haraka. Hayo ni ya mwili. Lakini ngazi zisizo na kishikio, jikoni palipomwagika mawese, na marumaru tunazotandika kwa fedha za kokoa, hayo ni yetu sisi watoto.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Mianzi tunayo. Nimefunga mwanzi wa kushikilia toka mlango wa chumba cha baba mpaka chooni, na ukianza kuoza nitaubadilisha. Mwanzi hauna mila ya ukwe. Mzee ataushika bila aibu. Ngazi nimezikwaruza zisiteleze. Chumbani nimemwekea kopo la haja ndogo la usiku na taa ya jua. Mkongojo wake nimeuvika kipande cha tairi chini. Naye siku anaposimama, tumemwomba akae kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kichwa kitulie. Haya yote nimeyafanya baada ya ajali. Wewe msomaji yafanye leo.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilituhimiza wananchi tuchimbe vyoo, tukachimba. Nashauri sasa maofisa na wahudumu wa afya wanaokagua vyoo vijijini wasiulize tu kama choo kipo. Waulize pia: je, mzee wa nyumba hii anaweza kukifikia usiku bila kuanguka? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilizungumzia matibabu ya bure kwa wazee wasio na uwezo, na hilo ni jema. Lakini nyonga iliyovunjika haimrudishi mzee alivyokuwa, hata ikitibiwa bure.

Nanyi ndugu zetu mlioko Mbeya na Dar es Salaam, mnaotuma fedha ili wazazi wajengewe nyumba za kisasa, ahsanteni sana. Ila mkituma fedha za marumaru, tumeni na za kishikio.

Kila Oktoba mosi tunaadhimisha Siku ya Wazee kwa hotuba. Mwaka huu kila mmoja wetu aanze kwa kuikagua njia anayopita mzee wake usiku.

Mkulima wa Kokoa,
Ipinda, Kyela.